Kopo la Samli

Ijumaa, baada ya laasiri, nimekaa mlangoni na kopo
lililokuwa la samli, kifuniko nimekitoboa kwa kisu cha nyama.
Nimeandika kwa wino mzito: MHINA.
Sikuongeza neno. Hapa Mabela nani asiyejua
kwamba Mhina, kipa wetu, alidaka kila kitu
isipokuwa ubao uliomponyoka mguuni, ghorofa ya tatu.

Miezi miwili na nusu yuko kitandani, uti umefungwa vyuma.
Kampuni ililipa kidogo, kisha ikaacha kupokea simu.
Anataka Muheza. Si kingine. Anataka mama yake
amkorogee uji, amgombeze kwa Kibondei.
Lakini mtu asiyeweza kukaa hununua viti sita vya ndege,
na nesi wa kumsindikiza.
Mimi karani wa duka la matairi nilipiga hesabu mara nne;
mara zote nne jumla ilinitazama bila haya.

Basi tukachezesha mpira.
Mafundi wa viyoyozi na madereva wa magari ya maji,
uwanja wa changarawe nyuma ya gereji,
mistari ya unga wa ngano, maana chokaa iliisha.
Golini tulimweka Msellem, mchoma mishkaki,
na nyuma ya wavu, juu ya katoni ya maji,
tukaisimamisha simu, Mhina ndani yake,
uso umejaa kioo chote, akifoka:
"Toka golini! Unangoja mkaa ukolee?"
Mwamuzi, Mbaluchi mmoja mpole,
akaiendea simu, akaionyesha kadi ya njano.
Sijaona mgonjwa akifurahia adhabu namna ile.

Tulifungwa matatu kwa moja. Yasemwe yalivyo.
La tatu lilimpita Msellem katikati ya miguu.
Simu ikanyamaza,
kisha ikasema kwa sauti ndogo: "Hata mimi lingenipita."
Uongo.
Msellem aliupokea uongo ule kwa mikono miwili,
ndio mpira pekee alioudaka siku ile.

Riali mia nne na kumi, baisa mia tatu.
Sikulala.

Jumamosi usiku tukatandika mazulia ya kuazima
juu ya unga uleule na alama za njumu.
Kanuni, fidla mbili, dumbaki,
na Bi Shinuna, miaka sabini na moja,
sauti yake ina ufa, na ndani ya ufa ndimo tunamokaa.
Wanawake wakainuka kutunza, polepole,
noti kati ya vidole viwili, udi ukiwatangulia.
Tunzo ni ya mwimbaji; hiyo ni ada, haina mjadala.
Lakini katikati ya ubeti akaniita kwa nyusi,
akamimina kifua kizima ndani ya kopo:
"Sauti yangu. Hizi za kipa."

Hapo pakawaka.
Bi Nasra na Bi Salha, hawasemezani mwaka wa tisa
kwa sababu ya sahani za harusi,
wakaanza kupandishiana: tano, kumi, ishirini,
kila mmoja akimtazama mwenzake, si kopo.
Mola anajua la kufanya na nia.
Kazi yangu mimi ni kuhesabu.
Kutoka hospitali Mhina akaandika:
nesi Lisi kasema nipunguze sauti, kisha kakaa kusikiliza.

Saa nane usiku, sakafuni, noti zinanuka udi, grisi na samli,
sisimizi wamefuata zao.
Zimepungua riali sitini na mbili.
Msellem kasema Alhamisi atachoma mpaka zitimie,
naye kwenye moto hakosi.

Chini kabisa palikuwa na sarafu ya shilingi mia mbili, ya Tanzania.
Sijui imekaa mfuko wa nani, miaka mingapi.
Haikuingia kwenye hesabu.
Nimeifunga katika kipande cha risiti ya matairi,
nimeandika: Ukifika, chai.